Mapambo meupe na dhahabu ya mti wa Krismasi: PX, ndege anayejitoboa kifua, nyota ya pembe sita. Nani alipanga maana zake?

#1 BintiKalenga
Wakuu, heri ya Majilio.

Usharika wetu huku Iringa vijijini umeletewa boksi na marafiki zetu wa Minnesota. Ndani kuna mapambo ya mti wa Krismasi, yote ya mkono, yote meupe na dhahabu. Hakuna jekundu hata moja. Halafu si ile mipira tuliyoizoea, ni alama: samaki, nanga, taji, kipepeo, kombe la baharini lenye matone matatu, herufi P iliyokatwa na X, IHS, nyota za aina tatu, na ndege mweupe mwenye mdomo mrefu anajitoboa kifua huku makinda yake yameachama chini. Karatasi ya maelezo iliingia maji, kinachosomeka ni kichwa tu: Chrismons.

Sisi kina mama tumepewa kazi ya kufuma mengine maana mti ni mkubwa, mpaini wa hukuhuku. Tatizo, wazee wa kanisa wamegawanyika. Mmoja anasema yule ndege ni wa kishirikina. Mwingine hataki kuiona nyota ya pembe sita. Mwalimu wa shule ya Jumapili kaulizwa na watoto PX ni nini, kajibu "P mara X".

Naomba kujua: nani alipanga maana hizi, kwa nini rangi mbili tu, na tukiongeza alama za kwetu tunaharibu?

#2 KijiweniDaima
P mara X, thamani ya X tafuta kwa mchungaji. Nimevuta stuli, wajuzi waje.

#3 MzeeKatekista
Heri nawe mwanangu. Hizo si P na X zetu. Ni herufi za Kiyunani, Khi na Ro, mbili za mwanzo za jina Kristo katika lugha hiyo. Mfalme Konstantino aliiona alama hiyo angani mwaka 312 kabla ya vita vya Daraja la Milvio pale Roma, akaambiwa atashinda kwa alama hiyo. Akashinda. Tangu hapo ikawa alama ya Wakristo.

#4 Msomaji_wa_Usiku
Mzee #3 shikamoo. Habari hiyo ina matoleo mawili na hayafanani. Laktansio, aliyeandika miaka michache tu baada ya vita, anasema Konstantino aliota ndoto akaagizwa kuweka alama kwenye ngao za askari. Mambo ya angani mchana kweupe yameandikwa na Eusebio wa Kaisaria baadaye sana. Watu wamechukua ya Eusebio kwa sababu inachoreka vizuri.

Na alama yenyewe ilikuwepo kabla ya Ukristo. Waandishi wa Kiyunani waliiweka pembeni mwa ukurasa penye maneno ya kufaa, kama sisi tunavyopiga mstari wa wino chini ya sentensi. Wakristo waliikuta.

#5 MzeeKatekista
Marahaba. Hata kama waliikuta, Bwana anaweza kutumia kilichokuwepo. Punda naye walimkuta amefungwa.

#6 Simba_wa_Makete
Mbona rahisi? Ni ya Kilutheri, basi aliyeanzisha ni Martin Luther. Alipita msituni usiku wa Krismasi akaona nyota katikati ya matawi, akaenda nyumbani akaweka mishumaa kwenye mti. Mapambo yakafuata.

#7 DadaWaSaintPaul
Hapana kaka #6. Hadithi ya Luther na mishumaa imesimuliwa sana lakini haina ushahidi wa wakati wake. Na hayo mapambo ya #1 hayana hata miaka mia.

Naishi huku, na kanisa ninalosali wanaweka mti wa namna hiyo kila mwaka. Aliyeanzisha ni mama mmoja, Frances Kipps Spencer, wa kanisa la Kilutheri la Ascension mjini Danville, Virginia, mwaka 1957. Alitaka mti unaosimama ndani ya kanisa uhubiri, usiwe wa dukani. Akarudi kwenye alama za Wakristo wa kwanza, zile za makaburi ya chini ya ardhi ya Roma na za vitabu vya kale, akaanza kuzitengeneza kwa shanga, waya na povu gumu jeupe. Neno lenyewe ni Kristo na monogramu vimeunganishwa, yaani alama ya herufi za jina lake. Tukiliita krismoni kwa Kiswahili linakaa.

Kuhusu rangi, maelezo yao ni kwamba nyeupe ni usafi na ukamilifu wa Kristo, dhahabu ni utukufu na enzi yake. Taa pia nyeupe, hazirukiruki.

Na karatasi yenu si lazima muililie. Kanisa lile huchapisha vitabu vya vielelezo na maana zake.

#8 Mtetezi77
Mnazunguka. Someni Yeremia 10:3-4. Mtu anakata mti mwituni, anaupamba kwa fedha na dhahabu, anaukaza kwa misumari na nyundo usitikisike. DHAHABU. Tena mmeambiwa ni desturi za mataifa. Mwenye masikio.

#9 WawataMbagala
Mtetezi77 endelea mpaka mstari wa 5 na wa 9. Huo mti hauwezi kusema, hubebwa, umevalishwa nguo za samawati na urujuani, kazi ya wafua dhahabu. Nabii anazungumzia sanamu iliyochongwa na kufunikwa madini ili iabudiwe. Mimi mti wangu siuabudu, naufagilia majani kila asubuhi.

#10 KijiweniDaima
#9 kafunga goli la kichwa.

#11 Msomaji_wa_Usiku
Kwa anayetaka tarehe: kumbukumbu inayotajwa sana ya mti uliopambwa sebuleni ni ya Strasbourg mwaka 1605. Waliweka mawaridi ya karatasi, tufaha, vipande vyembamba vya mkate na sukari. Wapo wanaosema ulitokana na mti wa peponi uliotumika kwenye maigizo ya Adamu na Hawa, kwa kuwa tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka hao wawili. Ndiyo maana tufaha. Wengine wanasema ni desturi za majira ya baridi za kabla ya Ukristo, matawi mabichi mlangoni wakati kila kitu kimekauka. Kundi hilo la pili lina maneno mengi kuliko karatasi.

Mipira ya kioo ni ya Lauscha, Ujerumani, karne ya 19. Wapuliza vioo. Kuna simulizi kwamba mmoja wao hakuwa na pesa za tufaha ndipo akapuliza za kioo. Tamu, siwezi kuapa. Lakini ukilifuata tufaha unafika kwenye mpira mwekundu wa Kariakoo. Kumbe na mpira una maana, tumeisahau tu.

#12 Mama_Jeni_Tukuyu
Amani kwenu. Sisi Wamoraviani mbona mmetuacha? Nyota ya karatasi yenye pembe 26 ni ya kwetu, ilianzia shule ya Niesky kule Ujerumani miaka ya 1830 kama somo la jiometria. Mwalimu alitaka watoto waelewe maumbo, watoto wakapata nyota ya Bethlehemu. Wamisionari wetu walifika Rungwe 1891, na huku wapo wanaoiweka Majilio.

Mwanakondoo mwenye bendera naye ni nembo yetu: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate.

#13 KijiweniDaima
Kwa hiyo mwalimu wa #1 hakukosea sana. Hesabu ipo.

#14 Simba_wa_Makete
Mama Jeni pembe 26 unazihesabuje, au ndiyo kila mtu anaamini?

#15 Mama_Jeni_Tukuyu
Mwanangu, za mraba 17, za pembetatu 8, jumla 25. Ya 26 ni upande wa juu unaoachwa wazi kupitisha waya wa taa. Hesabu, halafu uje hapa.

#16 BintiKalenga
Asanteni, hasa #7. Kumbe ni mama kama sisi, nilidhani ni mtaguso wa maaskofu. Lakini bado hamjaniambia habari za yule ndege. Ndiye anayetugombanisha.

#17 WawataMbagala
Huyo ni mwari. Nenda Rukwa au Manyara utawaona makundi kwa makundi, weupe, mfuko chini ya mdomo. Kwetu Wakatoliki anachongwa kwenye tabernakulo na kushonwa kwenye mavazi. Maana yake: wakati wa njaa mama anajitoboa kifua, anawanywesha makinda damu yake. Basi ni Kristo, na ni Ekaristi. Utenzi wa Kilatini wa Tomaso wa Akwino unamwita Yesu mwari mwema.

#18 Msomaji_wa_Usiku
#17 hilo ni toleo laini. La zamani zaidi, katika kitabu cha Kiyunani cha tabia za wanyama cha karne za mwanzo, ni kali: makinda yanawapiga wazazi, wazazi wanakasirika wanawaua, kisha baada ya siku tatu mzazi anajitoboa na damu inawafufua. Hapo unaona dhambi, kifo, siku tatu, ufufuo. Vifaranga wa njaa walikuja kulainisha.

#19 DaktariWaMifugo_Arusha
Kitaalamu mwari hajitoboi. Akirudi na samaki mfukoni anaukandamiza mdomo kifuani ili awatapikie makinda, nao wanaingiza vichwa vyao ndani kabisa ya koo. Ukiwa mbali unaona mdomo mrefu unachoma kifua. Ongeza kwamba kuna jamii ya mwari ambayo mfuko wake hugeuka mwekundu majira ya kuzaliana. Hao waandishi wa kale hawakuwa waongo, walisimama mbali.

#20 Mtetezi77
Kwa hiyo mnatundika kosa la kibaiolojia kanisani.

#21 DaktariWaMifugo_Arusha
Mtetezi77, hata njiwa si mpole. Fuga wawili kwenye tundu dogo uone. Hakuna anayetundika somo la baiolojia.

#22 MzeeKatekista
Mwari yumo kwenye Zaburi 102:6, mwari wa jangwani. Akina mama, mpelekeeni mzee wenu andiko hilo kwanza, damu baadaye.

#23 Msomaji_wa_Usiku
Ila mzee, mwari wa Zaburi ni wa upweke, hana makinda wala damu. Na wataalamu wa Kiebrania wanabishana kama ni mwari kweli, wengine wanasema ni aina ya bundi. Mzee wa #1 akisikia bundi ndiyo mtakuwa mmemaliza.

#24 KijiweniDaima
Bundi kwenye mti wa Krismasi Iringa 😂 kwaya nzima inakimbilia Makambako.

#25 Mvuvi_wa_Ukerewe
Nimekuja kwa ajili ya samaki. Samaki gani? Maana nikimwangalia kwenye magari ya watu hana mapezi, hana jina.

#26 WawataMbagala
Kwa Kiyunani samaki ni ikhthus, herufi tano, kila moja inafungua neno: Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi. Wakristo wakati wa mateso walichora nusu ya samaki mchangani, mwenzako akimalizia nusu ya pili unajua ni ndugu.

#27 Msomaji_wa_Usiku
Herufi tano, sawa. Nusu ya mchangani hakuna mwandishi wa zama hizo aliyeitaja, ni ya baadaye sana. Cha uhakika ni Tertuliani wa Kartago, yapata mwaka 200, Mwafrika huyo. Alisema sisi ni visamaki, tunazaliwa majini kwa mfano wa Samaki wetu Yesu Kristo. Kwake samaki ni ubatizo, hakuna siri ya kukwepa askari. Wengine wanaanzia kwenye mikate mitano na samaki wawili, wengine kwa wavuvi wa watu. Chagua.

#28 Mvuvi_wa_Ukerewe
Hamjajibu. Nauliza kina mama wafume sangara au sato?

#29 DaktariWaMifugo_Arusha
Sato bila mjadala. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 akawameza wenyeji, huwezi kumfanya alama ya wokovu. Na yule wa Ziwa Galilaya anayeitwa samaki wa Petro ni wa ukoo mmoja na sato. Mfumieni mgongo wa mviringo na pezi la miiba.

#30 Mvuvi_wa_Ukerewe
Sasa hapo nimeuelewa Ukristo. Asante daktari.

#31 Nyakundi_Tabaka
Hamjambo watu wa TZ. Mimi niko Kisii, tunachonga mawe ya huku, na Desemba kazi ni malaika na nyota za kutundika. Wateja wa ng'ambo wanapenda sana. Swali kwa #7: nikichonga hizi krismoni niuze, kuna shida? Jiwe letu lina rangi nyeupe ya maziwa, nikiongeza mstari wa dhahabu nimemaliza.

#32 DadaWaSaintPaul
Nyakundi, jina Chrismons limesajiliwa, na tangu mwanzo kanisa la Danville liliomba mapambo hayo yasiuzwe kwa faida. Yatengenezwe, yatolewe zawadi, yatundikwe. Ndiyo maana boksi la #1 limekuja bure.

#33 Nyakundi_Tabaka
Lakini nanga ni ya nani? Samaki ni wa nani? Hizo alama zina miaka elfu na zaidi. Mimi nina watoto shuleni, wao wana mishahara. Sadaka ni nzuri ukiwa umeshiba.

#34 Msomaji_wa_Usiku
Nyakundi ana hoja. Jina ni lao, alama si ya mtu. Chonga samaki, uite samaki.

#35 WawataMbagala
Mimi namwelewa mama Spencer. Angeachia biashara, leo zingekuwa zinatoka kiwandani za plastiki, hakuna anayeuliza maana. Huu uzi usingekuwepo.

#36 Nyakundi_Tabaka
Madam, fundi wa jiwe si kiwanda. Lakini sawa, tuendelee.

#37 MwanaMkunazini
Asalaam alaykum. Krismasi si yangu ila nimesoma hiyo nyota ya pembe sita ikanichekesha. Huku Unguja tunaiita muhuri wa Nabii Suleiman, imo kwenye vyombo na sarafu za Waislamu wa kale kwa karne nyingi. Mzee wenu wa kanisa anadhani ni ya nani?

#38 Simba_wa_Makete
Ni ya Wayahudi, iko kwenye bendera ya Israeli.

#39 Msomaji_wa_Usiku
Kuwekwa kwenye bendera ni jambo la juzi, 1948. Kuwa alama ya Wayahudi wote kulianza kuenea karne ya 17 kutokea Praha, kabla ya hapo ilikuwa urembo wa kila mtu, makanisani na misikitini. Kwenye krismoni wanaiita nyota ya Muumba, siku sita za uumbaji. Ya pembe tano ni ya Bethlehemu, ya mamajusi. Ya nane ni kuzaliwa upya, ndiyo maana visima vingi vya ubatizo vina pande nane: siku ya nane, ile baada ya Sabato.

#40 Mtetezi77
Baada ya Sabato hakuna siku ya nane, ipo siku ya kwanza. Ila sitaharibu uzi.

#41 KijiweniDaima
Asante kwa kutouharibu.

#42 MwanaMkunazini
Na samaki amechongwa kwenye milango ya Zanzibar. Waongoza watalii wanasema samaki ni rizki na uzazi, mnyororo ni ulinzi, mtende ni neema. Marehemu babu yangu alikuwa seremala wa milango, ukimuuliza maana anasema "nakshi". Basi. Ninavyoona mimi maana inakuja na mgeni anayeuliza.

#43 MangiMdogo
#42 umenigusa, maana nilitaka kuuliza la kwetu. Uchaggani tuna sale. Mtu akikukosea, akija na jani la sale lililofungwa fundo, huwezi kukataa kumsamehe. Limepandwa mipakani na makaburini. Krismasi Moshi nzima tumerudi nyumbani, ndugu waliogombana mwaka mzima wako meza moja. Alama gani ya Krismasi inayozidi hiyo? Mimi nimeshalitundika kwenye mti wa nyumbani, bibi hakusema kitu, akatabasamu tu.

BintiKalenga uliuliza alama za kwetu. Yangu hiyo.

#44 MzeeKatekista
Mangi, taratibu. Sale hilohilo ndilo linalotumika kwenye matambiko ya mababu. Washirika wapya wataelewaje lipi ni lipi? Msalaba hauna utata huo.

#45 MangiMdogo
Mzee shikamoo. Msalaba ulikuwa chombo cha kunyongea watu. Hakuna chenye utata kuliko huo. Na mmisionari Bruno Gutmann, Mlutheri, aliyekaa Moshi kuanzia mwanzo wa karne iliyopita, alitumia maisha yake kutaka kanisa liote kwenye ukoo, ujirani na rika la Wachagga. Si mimi niliyeanza.

#46 Msomaji_wa_Usiku
Hapa ndipo uzi ulipopaswa kufika. Klementi wa Aleksandria, mwishoni mwa karne ya 2, aliandika juu ya karibu swali hilihili, ila la pete za muhuri. Hakubuni alama mpya. Aliwaambia Wakristo wachague katika zile zilizokuwa zinatumika: njiwa, samaki, merikebu, kinubi, nanga ya meli. Zote zilikuwa za kipagani au za kibiashara, Mkristo anachagua inayobeba imani yake. Kwa kipimo hicho sale linapita.

#47 WawataMbagala
Msomaji umeacha nusu ya Klementi. Alikataza pia: sura za miungu hapana, upanga na upinde hapana kwa watu wa amani, vikombe hapana kwa watu wenye kiasi. Alikuwa na chujio. Swali la Mzee #44 ni la chujio, si la kukataa.

#48 MangiMdogo
Upanga hapana, msamaha ndiyo. Sale limechujwa.

#49 Kasongo_Lshi
Jambo bandugu. Niko Lubumbashi. Hapa kuna watu wanatundika vimisalaba vya shaba vya Katanga kwenye mti, wanasema ni ushahidi babu zetu walimjua Kristo kabla ya wamisionari. Mnasemaje?

#50 Msomaji_wa_Usiku
Ndugu Kasongo, hiyo ilikuwa fedha. Shaba ilichimbwa, ikamiminwa kwenye umbo la X au msalaba, ikanunulia vitu, na watu walizikwa nayo huko Upemba karne nyingi kabla ya Mreno yeyote. Umbo linafanana, habari ni nyingine.

#51 Kasongo_Lshi
Nakubali ni fedha. Lakini #46 umesema Wakristo walichukua vitu vya biashara wakavipa maana. Nanga ilikuwa ya biashara. Mbona shaba yetu unaikatalia?

#52 KijiweniDaima
Msomaji kajifunga mwenyewe. Refa, VAR!

#53 Msomaji_wa_Usiku
Kutundika sikatai. Nakataa kusema babu zetu walikuwa Wakristo wa shaba. Ni mambo mawili.

#54 PwaniNiPwani
Mimi nina neno juu ya rangi. Nyeupe kwetu Tanga ni sanda. Mtoto wangu aliona mti wa namna hiyo hotelini akaniuliza nani kafa. Hizo maana za usafi ni za waliokulia kwenye theluji.

#55 MzeeKatekista
La, nyeupe ni rangi ya Krismasi na Pasaka katika kalenda ya kanisa, zambarau ni ya Majilio. Mchungaji anabadilisha vitambaa vya madhabahu mbele yako kila mwaka. Haikutoka kwenye theluji.

#56 DadaWaSaintPaul
Pia mti ni kijani, taa ni nyeupe. Ukiweka rangi nyingi alama hazisomeki kutoka benchi la nyuma. Lakini #54 kuhusu sanda, waliofufuka kwenye Ufunuo nao wamevaa nyeupe. Labda mtoto hakuwa mbali.

#57 PwaniNiPwani
Hapo nimenyamaza kidogo. Kidogo tu.

#58 Simba_wa_Makete
Basi waridi la Luther litakaaje? Lina msalaba mweusi, moyo mwekundu, waridi jeupe, samawati na pete ya dhahabu. Luther mwenyewe aliandika maana ya kila rangi mwaka 1530. Ukilifanya jeupe umemfuta.

#59 DadaWaSaintPaul
Ndiyo maana wengi hawaliweki. Mama Spencer alitaka alama za Wakristo wote, si za dhehebu moja, ingawa alikuwa Mlutheri. Samaki hana dhehebu.

#60 Mama_Jeni_Tukuyu
Mwanakondoo wetu basi? Naye amekuwa mweupe tangu zamani, hana shida ya rangi.

#61 Mtetezi77
Na IHS mmeiruka kimya kimya kwa sababu mnajua ni Isis, Horus na Seb, miungu ya Misri.

#62 WawataMbagala
Ni herufi tatu za mwanzo za Yesu kwa Kiyunani, iota, eta, sigma. H hapo ni E ndefu. Baadaye watu wa Kilatini wakaisoma "Yesu Mwokozi wa Watu". Bernardino wa Siena aliisambaza karne ya 15 kwenye ubao wenye miale ya jua, akashtakiwa kwa Papa kwamba anafundisha watu kuabudu herufi. Akashinda kesi. Mtetezi umechelewa miaka 600.

#63 KijiweniDaima
Na ile pipi ya mkongojo nyekundu na nyeupe, ni kweli ni J ya Yesu na damu yake?

#64 Msomaji_wa_Usiku
Hakuna ushahidi. Ni pipi. Fimbo ya mchungaji ukitaka, na hiyo ipo kwenye krismoni, nyeupe.

#65 FundiShanga_Kkoo
Mmebishana mpaka sasa hakuna aliyemwambia dada atengenezeje. BintiKalenga, povu usinunue, omba madukani wanakouza friji na televisheni, wanalitupa. Kata kwa wembe wa moto, paka gundi nyeupe, zungusha shanga zilizotungwa kwenye waya mwembamba. Vile vigao vya kung'aa vya kushonea nguo za harusi vibane kwa pini fupi, gundi ya moto inayeyusha povu.

Kama mnafuma kwa uzi wa vitambaa vya makochi, fumeni nyota, samaki na matone, loweka kwenye uji mzito wa wanga wa muhogo, tandaza juu ya povu, bana kila pembe kwa pini, anika kivulini. Jua kali linageuza njano. Msitumie maji ya sukari hata kama bibi zetu walitumia, sisimizi watawahi ibada kabla yenu.

Mwari msimfume. Mshoneni kwa shanga, shingo iwe na waya ndani, la sivyo atainama ataonekana bata aliyelala.

#66 BintiKalenga
Mungu akubariki FundiShanga, hili nililihitaji. Wazee wamekaa jana. Nyota ya pembe sita imepita, aliyeipinga alisomewa #37 na #39 akasema kama hata Waislamu wanayo basi si ya mtu. Mwari bado: wamesema atundikwe upande wa ukutani kwa mwaka huu. Sato amepita kwa makofi. Sale limeahirishwa, huku kwetu Uheheni wengi hawalijui, ila mchungaji ameuliza sisi Wahehe tuna nini cha kuweka, na hakuna aliyejibu palepale.

#67 MangiMdogo
Kuwekwa upande wa ukutani 😂 hata mwari kapewa karantini.

#68 Mvuvi_wa_Ukerewe
Sato kwa makofi! Tuwekee picha akikamilika, tena na pezi.

#69 Mtetezi77
Bado hakuna aliyenijibu Yeremia.

#70 WawataMbagala
#9.

#71 PwaniNiPwani
FundiShanga, sisi huku tunatumia mvinje, matawi yake yanalegea, pambo likizidi uzito linateleza hadi chini. Tunafungaje?

#72 FundiShanga_Kkoo
Usitundike kwenye ncha. Funga mshipi wa kuvulia karibu na shina, pambo lining'inie kwa urefu wa kiganja. Na kwa mvinje acha povu, fuma tu, ni nyepesi.